Mhariri, sayansi ya nchi ipimeni na bombani pia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na kama itakuwa ndefu sana kata unapoona panafaa, ila tafadhali usikate habari ya meno maana ndo imenifanya nishike simu niandike.

Mlitoa habari ya nchi kupangwa kwa sayansi na teknolojia, lile jedwali ambalo Uswisi iko juu na sisi tuko kule chini chini, na kesho yake shuleni kwetu hapa Usa River walimu walibishana mpaka kengele ya kipindi ikalia na hakuna aliyenyanyuka. Mmoja anasema hatuna sayansi tuache kujidanganya, mwingine anasema wazungu wanajipangia wenyewe halafu wanajipa namba moja. Mimi ni fundi sanifu maabara, kazi yangu ni kupima vitu, na nilichoona pande zote mbili hakuna aliyeuliza hilo jedwali limepimaje. Lilichukuliwa kama msimamo wa ligi, kwamba goli ni goli na pointi ni pointi. Kwenye mpira sawa, ila kwenye sayansi watu wenyewe bado hawajakubaliana goli ni nini.

Chukua hilo linalotolewa kila mwaka na WIPO, lile shirika la Umoja wa Mataifa la miliki ubunifu lililoko Geneva. Wanachukua vipimo karibu 80 kwa nchi zaidi ya 130, wanavichanganya mpaka inatoka namba moja, na Uswisi imekaa kileleni toka 2011 mfululizo. Humo ndani kuna hela za utafiti, kuna hataza, yaani hati za kumiliki uvumbuzi, kuna makala za kisayansi, sawa, lakini kuna na umeme, kuna mikopo ya benki, kuna utulivu wa siasa, na miaka ya nyuma walikuwa wanahesabu mpaka video ambazo watu wa nchi wamepandisha YouTube na marekebisho waliyofanya Wikipedia. Sitanii. Kumbe wale vijana wa Kaloleni wanaorekodi vichekesho kwa simu walikuwa wanaipandisha nchi kisayansi na hakuna aliyewashukuru.

Sio kwamba nasema halina maana. Lina maana kwa anayetaka kujua mazingira ya biashara mpya yakoje. Ila ukilisoma kama cheti cha akili za watu wa nchi fulani umekosea njia kabisa. Halafu kuna matundu. Nchi ikiwa haina takwimu ya kitu fulani wanaandika haipo, ikiwa na ya zamani wanaitumia hiyohiyo wanaweka alama pembeni, na ukifungua kurasa za nchi nyingi za kwetu huku Afrika hizo alama utazichoka. Kwa hiyo wakati mwingine unachosoma sio nafasi ya nchi kwenye sayansi, ni nafasi ya nchi kwenye kujaza fomu.

Na mshindi anabadilika kutokana na unachohesabu. Ukihesabu idadi ya makala za kisayansi, China iliipita Marekani mwaka 2016, na waliosema hivyo ni Wamarekani wenyewe, taasisi yao ya taifa ya sayansi. Ukihesabu hela za utafiti ukigawanya kwa pato la taifa, wanaoongoza ni Israel na Korea Kusini. Ukihesabu Nobel, Marekani. Ukihesabu mchanganyiko wa Geneva, Uswisi. Hapo mshabiki anachagua jedwali lake analala usingizi. Benki ya Dunia nao wana kipimo cha bidhaa za teknolojia ya juu nchi inazouza nje, na pale, ukiangalia asilimia ya bidhaa za viwandani inazouza nje, Ufilipino inazipita nchi nyingi tajiri kwa mbali, sababu inaunganisha vifaa vya elektroniki ambavyo akili na michoro yake vimetoka kwingine. Hicho sikiongelei zaidi.

Nirudi kwenye hela maana hapo ndo wanasiasa wetu wanapapenda. Mwaka 1963 wataalamu wa nchi tajiri, zile za OECD, walikutana Frascati, mji mdogo karibu na Roma, wakakubaliana nini kihesabiwe kuwa utafiti na nini kisihesabiwe, na mpaka leo dunia nzima inafuata mwongozo wao uliorekebishwa mara kadhaa. Ni mwongozo mzuri kwa kweli, una akili, kwa mfano unasema upimaji wa kawaida wa kila siku sio utafiti. Kwa maana hiyo mimi nikipima maji ya shule siku nzima sihesabiki, na ni haki. Ila na fundi wa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha anayebuni namna ya kufanya mashine ya kukoboa ya zamani ifanye kazi na mota ya kisasa naye hahesabiki, sababu hana bajeti ya utafiti, hana ripoti, hana cheo cha mtafiti. Kwenye nchi ambayo utafiti wote uko ndani ya kampuni kubwa na vyuo, mwongozo unakamata karibu kila kitu. Kwenye nchi ambayo ubunifu mwingi uko gereji na shambani, unakamata kidogo sana.

Viongozi wa Afrika walikubaliana Lagos mwaka 1980 kwamba nchi zifikishe asilimia 1 ya pato la taifa kwenye sayansi na teknolojia ndani ya miaka kumi. Mwaka 1980, Mhariri! Sisi tuliahidi tena wakati wa Kikwete. Hatujafika, na Israel na Korea wako asilimia 5 na zaidi. Hapa sina utetezi, mtu akisema tunatoa kidogo anasema kweli na asitafutiwe kona ya kukwepa.

Sasa twende kwenye makala, maana wasomi wetu huku ndo wanapandia vyeo. Mwaka 1964 Mmarekani mmoja anaitwa Eugene Garfield, pale Philadelphia, alianza kutoa faharasa kubwa inayoonyesha makala ipi imenukuliwa na makala ipi. Nia ilikuwa kumsaidia mtafiti afuate uzi wa wazo kutoka makala hadi makala. Baadae watu wakaona kwamba ukihesabu hayo manukuu unaweza kupanga mtu, ukapanga chuo, ukapanga na nchi. Siku hizi faharasa za namna hiyo ziko kwenye kompyuta, kuna Web of Science, kuna Scopus, na yaliyomo mengi ni ya Kiingereza. Ukiandika kijitabu cha Kiswahili kinachomfundisha mkulima wa Machame kuotesha miche ya kahawa kwa vikonyo, na wakulima elfu wakakifuata, huko hakiingii.

Na hata kinachoingia kina mambo yake. Tuseme makala imetoka KCMC pale Moshi, hospitali iliyofunguliwa 1971 na inayofanya utafiti mwingi na wenzetu wa nje. Tuseme ina majina 30, wetu ni 4 na wako katikati. Kuna namna ya kuhesabu inayoipa kila nchi makala nzima, na kuna namna nyingine inayogawa vipande, tunabaki na 4 ya 30. Makala ni ileile, wagonjwa ni walewale wa Pasua na Kiborloni, damu ni ileile, ila nchi inapanda au inashuka kutegemea aliyeko kwenye kompyuta amechagua namna ipi. Mimi naona ya vipande ndo ya kweli zaidi, hata kama inatushusha, sababu inalazimisha swali la nani aliuliza swali la utafiti na nani alichota damu tu.

Habari ya kuuliza swali ndo inanipeleka kwa Erasto Mpemba, na hapa naomba univumilie maana ni habari ya kwetu na inaelezwa vibaya sana. Mwaka 1963 akiwa kidato cha tatu Magamba kule Lushoto, wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa unatia sukari unaacha yapoe ndo unaweka kwenye friza. Nafasi ilikuwa inagombaniwa, akaweka ya kwake ikiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu ya kwake imeganda, ya mwenzake aliyeweka maziwa bila kuyachemsha bado uji. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa. Alivyofika Mkwawa Iringa akauliza tena, mwalimu mwingine akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba sio fizikia ya dunia, darasa likapata cha kumtania. Mpaka siku alipokuja Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar es Salaam kutoa mhadhara, kijana akasimama akauliza tena mbele ya wote, wakacheka, ila Osborne akaenda kujaribu.

Sehemu ninayoipenda mimi, kwa sababu ya kazi yangu, ni kwamba Osborne hakujaribu mwenyewe, alimpa fundi wake wa maabara. Fundi akarudi akasema kweli ya moto imeganda kwanza, ila tutarudia mpaka tupate jibu sahihi. Aisee. Huyo ni mwenzangu kabisa, nimefanya kazi na watu wa namna hiyo.

Makala yao ikatoka 1969, jina la Mpemba na la Osborne, na wakati huo Mpemba alikuwa hapahapa kwetu, anasoma chuo cha wanyamapori Mweka juu ya Moshi. Toka hapo dunia haijatulia. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora, yakaja majibu zaidi ya 22,000. Mwaka 2016 wengine wakaandika kwamba wamepima vizuri na hawakuona kitu. Mwaka 2020 wawili wa Canada wakaonyesha jambo la namna hiyo kwa chembe ndogo sana ndani ya maji, ikatoka kwenye jarida kubwa kabisa. Haya, sasa hesabu. Tanzania ilipata makala moja ya mwaka 1969. Makala zote zilizofuata zimekwenda kwa Canada, Uingereza, Hispania na wengine, kila moja pointi yake. Aliyeuliza swali alikuja kuwa ofisa wa wanyamapori. Kwa majedwali hiyo ni nukta tu, lakini tafuta swali la fizikia linaloitwa kwa jina la mwanafunzi wa sekondari, kutoka nchi yoyote kati ya hizo kumi za juu.

Wala sisemi haya tujipongeze. Ukisoma vizuri hiyo hadithi walimu wawili walimzima. Kama kungekuwa na kipimo cha nchi kinachohesabu mwanafunzi aliyeuliza swali akajibiwa, siku ile tungepata sifuri na mimi nisingebisha.

Kwenye hataza ndo kabisa. Hataza inatafuta mtu anayetaka kuzuia mwenzake asitumie bila kulipa. Hapa Arusha tuna CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini, kimeanza mwanzoni mwa miaka ya 80. Kwa kushirikiana na Wajerumani walitengeneza mtambo wa biogesi wa kuba, unaojengwa chini ya ardhi kwa matofali na simenti, hauna chuma cha kuoza, unalisha kinyesi cha ng'ombe wa zero grazing wawili watatu mama anapika maharage, na tope linalotoka linakwenda kwenye migomba. Ule muundo ulisambaa, Kenya wakauchukua wakaurekebisha wakajenga wa kwao, na kwenye vitabu vya biogesi unaitwa kwa jina la kituo chetu cha Arusha. Aliyenufaika ni mama wa Akheri aliyeacha kwenda kuni. Kwenye safu ya hataza nchi haikuongeza hata moja kwa huyo mama.

Na Lyamungu vilevile. Utafiti wa kahawa pale umeanza 1934, na TaCRI yenyewe, taasisi ya utafiti wa kahawa, ikaanza 2001, wakatoa kahawa chotara zinazostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Mzee wa Kibosho aliyepanda hiyo miche hapulizii dawa kama zamani, na dawa ndo ilikuwa inamla hela yote. Nyanya Tengeru 97 nayo, jina linajieleza, ukiuliza wakulima wa bustani wa mikoa kibao wanaijua. Hii ni sayansi ya daraja la juu kabisa, ni miaka ya kuchavusha na kusubiri na kutupa na kuanza tena, ila haina maneno mengi. Majedwali mengi makubwa hayana safu ya mbegu.

Lakini kuna walimu walinisikia nikisema haya wakadaka juu juu, wakasema basi tuunde vipimo vyetu wenyewe tutaonekana tuko juu. Hapo ndo pagumu. Mchumi mmoja Mwingereza, Charles Goodhart, alisema mwaka 1975 akiongelea mambo ya fedha kitu ambacho watu wamekifupisha hivi, kwamba kipimo ukishakifanya kuwa lengo kinaacha kuwa kipimo kizuri. China walitoa ruzuku kwa anayesajili hataza, hataza zikawa mvua, nyingi zisizo na kazi, mpaka serikali yenyewe ikaanza kuziondoa hizo ruzuku. Saudi Arabia, iliripotiwa mwaka 2011, kuna chuo kiliwalipa wanasayansi wa nje wanaonukuliwa sana ili waandike jina la chuo hicho kama anuani yao ya pili, chuo kikapanda bila maabara kuhama.

Na sisi tunalo la kwetu, hata Saudi usiende. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata ijenge maabara tatu, fizikia, kemia na baiolojia, ndani ya miaka miwili, baadae ikasogezwa mpaka katikati ya 2015. Agizo lilikuwa zuri na lilihitajika, mimi nisingekuwa na kazi bila maabara. Wazazi walichangishwa, watendaji wa kata walikimbizana, kuna waliouza kuku. Na fomu zilipoanza kujazwa ziliuliza maabara zipo ngapi. Tatu. Zimekamilika? Ndiyo, yaani zimeezekwa na zina milango. Kuna shule nimewahi kwenda kusaidia, sitaitaja, maabara ya kemia ina sinki kumi na mbili za kuvutia na hakuna bomba hata moja lililounganishwa, ya fizikia wanatunzia mahindi ya chakula cha mchana, na kwenye takwimu ile shule ni asilimia 100. Wakati wa mtihani wa vitendo ukikaribia wanaazima bureti na pipeti shule jirani, mwanafunzi anaigusa bureti kwa mara ya kwanza wiki ya mtihani halafu tunamshangaa akiivunja. Hakuna aliyedanganya kwenye ile fomu, Mhariri, waliulizwa vyumba wakajibu vyumba.

Kwa hiyo kipimo ninachokitaka mimi ni kile ambacho ni kigumu kukichezea, na kinachotuuma. Napendekeza kimoja. Tupime muda, kutoka siku wataalamu walipojua jambo mpaka siku linapomfikia mtu wa kawaida. Kwa huku kwetu jambo hilo ni floraidi.

Wanaotoka mbali hawajui, basi nieleze. Miamba ya volkano ya Mlima Meru ina floraidi nyingi, maji yanapita humo yanaibeba. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Huku pembeni ya Meru, Ngarenanyuki, Maji ya Chai, kuna vyanzo vinazidi 10. Nchi yetu kwa miaka mingi iliruhusu mpaka 4, sababu ukiweka 1.5 ilibidi ufunge visima vya watu na hakuna vingine, mpaka miaka ya karibuni kiwango kikashushwa kwenye hiyo 1.5. Mtoto akinywa hayo maji wakati meno ya utuuzima yanatengenezwa ndani ya fizi, yanaota na madoa ya kahawia, na hakuna dawa ya meno itakayoyatoa. Ikizidi inaingia kwenye mifupa, miguu inapinda. Na kuchemsha hakusaidii, maji yanapungua floraidi inabaki palepale. Kuna hili pia ambalo akina mama wengi hawajaambiwa, magadi tunayotia kwenye makande na maharage yaive haraka nayo yana floraidi yake.

Sisi watu wa Arusha tukifika Dar tunajulikana tukicheka. Wanafunzi wangu, hasa wa kike, wakicheka wanaweka mkono mdomoni, na huwa nawafundisha kemia ya floraidi nikiwa naangalia ushahidi wenyewe umekaa mbele yangu umevaa sare.

Sasa hesabu muda. Mwaka 1964, mwaka uleule faharasa ya Garfield ilipoanza, madaktari wawili, Grech na Latham, walichapisha makala kuhusu ugonjwa wa floraidi kanda ya kaskazini ya Tanganyika. 1964! Toka hapo zimeandikwa makala nyingi mno, shahada za uzamili na za uzamivu, floraidi ya Meru imewapa watu vyeo hapa na Ulaya. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi, karibu kabisa na hapa nilipo, wanatumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, unachoma mifupa kwa utaratibu maalum maji yanapita humo floraidi inanaswa. Inafanya kazi. Tengeru tuna chuo cha Nelson Mandela, kimeanza kufundisha 2011, na Dakta Askwar Hilonga wa pale alitengeneza chujio la mchanga pamoja na nanoteknolojia linaloweza kupangwa kulingana na uchafu wa maji ya sehemu husika, mwaka 2015 akashinda tuzo ya Afrika ya chuo cha uhandisi cha kifalme cha Uingereza, pauni 25,000, na ndo ilikuwa mara ya kwanza hiyo tuzo inatolewa. Tulifurahi sana na tulikuwa na haki ya kufurahi. Jijini ukaja ule mradi mkubwa wa maji wa zaidi ya bilioni 500, mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, na mojawapo ya sababu zake ni hii hii ya kutafuta maji yenye floraidi kidogo.

Yaani kwa kila kipimo cha kawaida, floraidi ya Meru ni ushindi wa sayansi. Makala zipo, tuzo ipo, chuo kipo, kituo kipo, hela zimetoka. Ila mwaka huu nimepokea kidato cha kwanza na meno ni yaleyale. Sio wote, nikiri, wanaotoka mjini wengine wana nafuu, wa vijijini huku juu bado. Zaidi ya miaka 60 kutoka jarida mpaka bomba na safari haijaisha. Hapo ndo naona nafasi yetu halisi, na hakuna mzungu aliyetupangia.

Na sio floraidi tu, ila hii ndo naijua. Mtu wa Moshi atakuambia ya miche bora kutofika kwa wanaoihitaji, maana kuna wazee bado wana kahawa ya zamani inayotaka dawa na wanasikia chotara kwenye redio tu. Mtu wa biogesi atakuambia mitambo mingapi imekufa sababu fundi wa kuitengeneza hayupo. Aliyejenga amehesabiwa, aliyekuja kukuta imekufa hahesabiwi na mtu.

Ninachotaka COSTECH, tume yetu ya sayansi na teknolojia, na ofisi ya takwimu wafanye sio kuunda jedwali lingine la kujilinganisha na Uswisi. Wachague mambo kumi ambayo utafiti wa nchi hii umeshayatatua kwenye karatasi, kila kanda na la kwake, halafu kila mwaka watoe taarifa limefika kaya ngapi. Sensa ya 2022 karani aliuliza maji mnapata wapi, tukajibu bombani, akaandika bombani. Yaliyomo kwenye hayo maji hakuna aliyeuliza, wala karani hakupewa kifaa cha kupimia. Hilo la asilimia 1 nalo liwekwe hadharani kila bajeti inaposomwa, tumetoa ngapi na zimekwenda wapi, zisipofika tuambiwe hazijafika.

Na ombi langu kwenu gazetini. Jedwali la mwakani likitoka lichapeni, ila pembeni ya kila namba ya Tanzania wekeni mwaka ambao hiyo takwimu ilichukuliwa, muone wenyewe. Halafu mwandishi wenu wa huku apande daladala mpaka Ngurdoto awaulize mkaa wa mifupa unatoka kiasi gani kwa mwezi, nyumba ngapi zinautumia, na nini kinazuia zisiwe nyingi zaidi. Ombi la maji ya bomba la shule yetu kupimwa nimeshalipeleka kwa mkuu wa shule, akikubali nitawatumia majibu myachapishe hata kama yatatuumbua.

Wako,
Fundi sanifu maabara,
Usa River, Arusha.